Nani Kapoza Supu?

Fuuu. Fuuu. Fuuu.

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Wazungu ishirini na kitu wameketi kwenye meza ndefu, midomo imechongoka kama ya ndege chozi kwenye ua, wanapuliza supu. Tangu siku hizo nimesikia mengi. Nimesikia mizinga, nimesikia wajukuu saba wakilia kwa mara ya kwanza, nimesikia hata redio ya jirani yangu inayosema Kiswahili kama ina homa. Lakini nikifumba macho mchana nipumzike, inayonijia ni ile: fuuu, watu wazima wenye saa za dhahabu wanapambana na sahani.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaobeba sahani katika hoteli za hapa mjini. Juzi mlikuja kwangu watatu, mkatoa shikamoo nzuri, mkakaa kwenye mkeka, mkasema, "Bibi, tumechoka kuhudumia watu. Tunataka kuwa wachekeshaji. Tunataka kuingia kwenye sinema." Nikasema vizuri, nionyesheni. Wa kwanza akaanguka. Wa pili akamwangukia wa kwanza. Wa tatu akageuza kofia nyuma mbele, akatoa ulimi. Mkaningoja nicheke. Nilikohoa kwa ajili ya adabu.

Kuanguka! Hata embe huanguka, na hakuna aliyewahi kuliita mchekeshaji.

Eti sinema. Mwezi uliopita gari la sinema la serikali lilikuja uwanjani, likatundika shuka jeupe, na mji mzima ukaenda kumwona bwana mmoja akifundishwa kunawa mikono. Mlirudi mmepigwa na butwaa: picha zinatembea! Mimi nilitembeza picha kwenye nguo ya meza hapahapa Morogoro wakati wa Mjerumani, bila gari wala mashine, na zangu zilikuwa na kisa ndani yake. Sijui kunawa mikono kuna kisa gani.

Elimu yangu ni juzuu Amma kwa maalimu wa kwetu Mkuyuni, na herufi za kizungu nimezipata uzeeni. Mkikuta nukta haipo, itieni wenyewe.

Nilishuka mjini nikiwa msichana mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Reli ilikuwa ngeni bado, na mimi niliamini kwamba kila treni inayofika imekuja kunitafuta mimi. Nilipata kazi ya kusugua masufuria kwenye hoteli iliyokuwa hatua chache kutoka stesheni. Mwenyewe alikuwa mzungu mwembamba ambaye jina lake lilitushinda. Tulimwita Bwana Mwiko, maana alitembea na mwiko mkononi kutwa nzima kama askari na bunduki yake, akichungulia nani kachota nini na kiasi gani.

Katika chumba cha kulia alitundika picha ya kutoka kwao: msichana mnene, aproni nyeupe, kofia ya lesi, amebeba vikombe sita vya bia na anacheka. Siku moja Bwana Mwiko akaitazama picha, akanitazama mimi na masizi yangu, akauliza, "Wewe naweza cheka?"

Nikacheka. Kesho yake nikavalishwa aproni na kofia, nikaambiwa nisimame chini ya picha. Wanaume waliokuwa wakihudumia mezani walinuna wiki nzima. Mnadhani nilichaguliwa kwa ufundi? Nilichaguliwa kwa meno. Kwa hiyo mkiona leo mtu kapandishwa cheo kwa meno, msidhani ni jambo jipya.

Ufundi nilipewa na mpishi, Feruzi. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mtu wa makamo, shingo fupi nene kama shina la mbuyu mchanga, kwa sababu ujana wake wote aliubeba kichwani: mizigo ya misafara, kutoka bara mpaka pwani. Mapishi alijifunzia njiani, kwa kumpikia mzungu mmoja aliyekuwa akipima nchi.

Sasa Mnyamwezi na Mluguru, kama mimi, ni watani, na ninyi watoto wa siku hizi utani mnaujua kwa jina tu. Mtani wako una ruhusa ya kumtukana, kumsingizia, kumnyang'anya kofia, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye makosa. Siku ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kukucheka ili wafiwa wapate kupumua. Alfajiri zetu jikoni zilikuwa hivi:

"Shikamoo, mzigo."

"Marahaba, mguu mfupi. Huko kwenu mlimani bado mnajifunga kamba msidondoke shambani?"

"Tunajifunga, mtani. Kwa zile kamba zako za kufungia mizigo."

"Basi mmekwisha. Zile zilikatika Unyanyembe."

Ilikuwa heshima kubwa. Mtu asiyekutania hakujui.

Siku yangu ya kwanza mezani nilibeba supu dole gumba likiwa ndani. Likaungua. Nikalitia mdomoni mbele ya mgeni, naye akadhani namwonjea, akanishukuru. Feruzi alichungulia mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniita.

"Mguu mfupi, dole gumba si nyama. Litoe. Sahani ya kwanza kwenye kiganja, ya pili juu ya kifundo cha mkono, ya tatu uiegemeze hapa karibu na kiwiko, ya nne mkono wa kulia. Na usizitazame. Ukiitazama sahani, inamwagika. Tazama unakokwenda."

"Na wageni niwatazame wapi?"

"Machoni usitazame, watadhani unaomba. Tazama shingo. Shingo haijui kuficha. Mwenye hasira inamvimba kabla hajafungua mdomo, mwenye njaa inamtangulia mezani, mwenye kiburi imekaa nyuma kama anavutwa nywele."

Hayo maneno yakatoboe masikio yenu. Mnataka kuiga watu, nanyi mnaanza na uso! Uso mtu huupanga mwenyewe. Anza na shingo. Mimi kwa miezi mitatu nilihudumia shingo, na jioni nilikuwa na uwezo wa kumwigiza mtu yeyote aliyekula mchana, bila kusema neno.

Nije kwenye supu. Treni ilisimama kwa muda wa kula chakula cha mchana, muda mfupi, kisha filimbi. Bwana Mwiko alikuwa na akili ya fisi. Aliamuru supu ichemke mpaka dakika ya mwisho, na juu yake liachwe tabaka nene la mafuta. Supu yenye mafuta juu haitoi mvuke. Mgeni anaiona imetulia, anaidhania imepoa, anatia kijiko, ulimi unakwenda. Hapo ndipo wanaanza: fuuu, fuuu. Na sheria ya wazungu ni kwamba nyama haiji mezani mpaka supu iondoke. Wanapuliza, wanapuliza, nyama inaletwa, mtu kakata kipande kimoja, filimbi inalia. Vijiko chini, kofia kichwani, mbio!

Ule mguu wa mbuzi uliobaki ulirudi jikoni, ukapakwa mchuzi mpya, ukangoja treni nyingine. Kulikuwa na mguu mmoja tuliouita Shangazi, kwa sababu kila treni alifika, akaonwa na ukoo wote, akarudi kwake salama. Feruzi hakupenda. Alimwambia Bwana Mwiko mara mbili kwamba nyama nayo ina umri wa kustaafu. Akaonyeshwa mwiko.

Sasa nguo za meza. Baada ya treni tulizifua mtoni, tukazianika nyuma ya hoteli kwenye kamba iliyofungwa kati ya mifenesi miwili. Alasiri moja nilikuwa upande wa machweo nazitandaza, na Feruzi yuko upande wa pili anamenya magimbi, mara nikamsikia anaita, "We! Simama hapohapo! Inua mkono!" Nikainua. "Kunja shingo kama yule mnene wa leo!" Nikaikunja, nikachongoa mdomo, nikapuliza kijiko ambacho hakipo. Upande wa pili watu wa jikoni wakalipuka. Walikuwa wanakiona kivuli changu kwenye nguo, cheusi, kimekatwa kama kwa mkasi.

Ndiyo sinema yangu ya kwanza. Jua ndilo taa.

Tukajifunza siri zake kidogo kidogo. Nguo ikiwa na unyevu, kivuli kinakolea. Ikikauka, kinafifia, kwa hiyo kisa lazima kiishe kabla nguo haijakauka. Mngekuwa na sheria hiyo ninyi mngepunguza maneno. Jua likiwa juu, kivuli kinashuka, kichwa chako kinatokea mahali pa tumbo, ngoja lishuke. Sogea karibu na nguo uonekane mkali, rudi nyuma uwe ukungu: nilipotaka kumfanya mgeni anayezimia kwa moto wa supu, nilirudi nyuma polepole, naye akayeyuka. Watu walipiga kelele wakidhani kafa kweli.

Wakaanza kuja. Kwanza vibarua wa stesheni, kisha kina mama wa sokoni na vikapu vyao, kisha watu waliokuwa wanapita tu. Wengine walileta ndizi, wengine mahindi ya kuchoma. Msichana wa Mkuyuni, mwenye kofia ya lesi, watu thelathini wamekaa chini kwa ajili ya kivuli chake! Kichwa kilivimba mpaka kofia ikabana.

Na hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnisikilize vizuri.

Kila kisa kilihitaji mkosaji. Mkosaji alikuwa Bwana Mwiko. Kila aliyekaa pale alijua. Lakini kivuli chenye mwiko kingenifukuzisha kazi, nami niliipenda ile aproni. Basi nikafanya ujanja wa mwoga. Nikamchukua mtani wangu. Nikaingia kwenye nguo na ile shingo fupi na mwendo wa mpagazi, nikamnyofoa mgeni nyama mdomoni, nikairudisha chunguni, nikatangaza kwa sauti: "Mpishi Mnyamwezi huyu! Anawalisha wazungu kile walichokwisha kutafuna! Hata mfupa haumponyoki!" Feruzi mwenyewe alikaa mstari wa mbele, anacheka mpaka machozi, anapiga magoti kwa viganja. "Mwongo! Mwongo we mguu mfupi! Nitawalisha na wewe utafunwe!"

Kwa mtu wa hapa haikuwa tuhuma. Ilikuwa sawa na kusema hujambo.

Lakini barabarani, juu ya nyumbu wake, alikuwa amesimama Bwana Shauri wa bomani, yule mzungu mwamuzi wa kesi. Alijua Kiswahili, Kiswahili cha kitabuni, kimenyooka kama reli. Na abiria walikuwa wamemlalamikia kwamba nyama ya Morogoro inawakata matumbo hadi pwani. Alikuwa anatafuta mkosaji, nami nikampa mmoja, tayari kamenywa.

Kesho yake asubuhi askari wawili walimchukua Feruzi na aproni yake. Bwana Mwiko alipoulizwa hakukawia hata kupepesa macho. "Ndiyo, ndiyo. Mpishi mbaya. Mpishi nafanya hii maneno yote." Hukumu ikatoka kabla chai haijapoa: hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu, kesho ya siku ya treni. Kiboko kile kilikuwa ngozi ya kiboko kweli. Vijana wenye migongo ya chuma walibebwa baada yake. Feruzi alikuwa na mvi.

Nikaenda bomani peke yangu, aproni mwilini, nikidhani itanisaidia. Bwana Shauri alikuwa anaandika.

"Jana ulisema mpishi anarudisha nyama chunguni."

"Ulikuwa utani, Bwana."

"Utani maana yake nini?"

"Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru. Nina ruhusa ya kumsingizia."

"Ruhusa ya kusingizia umepewa na nani?"

"Na wazee, Bwana."

"Imeandikwa wapi?"

Akachovya kalamu. Akaendelea, "Ulimtukana mbele ya watu mia."

"Hawakufika mia, Bwana. Thelathini."

"Na yeye alifanya nini?"

"Alicheka, Bwana."

"Basi alikiri."

Nikaona maji yamefika shingoni, nikasema lililonileta. "Bwana, anayeamuru supu iwe moto na nyama irudi ni bwana mwenye hoteli."

Akaacha kuandika. Akanitazama kama mtu anavyotazama kuku aliyeingia msikitini. "Sasa unamsingizia na yeye? Naye ni mtani wako?"

Karani wake akacheka. Mimi nilitoka. Hicho ndicho kipimo cha akili za wakubwa wale, na nimewahi kukutana na ndugu zao katika kila serikali iliyokuja baadaye: utani wanausadiki, ushahidi wanaucheka.

Nilimpelekea Feruzi ugali kwenye dirisha la mahabusu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini nilipoiona ile shingo kwenye nondo nikaanza kulia kama mtoto. Yeye akamega tonge.

"Nyamaza, mguu mfupi. Nimebeba pembe, nimebeba masanduku ya baruti, nimebeba mzungu mzima mwenye homa. Lakini mzigo huu wako, mtani, huu umejua kuufunga."

"Nisamehe."

"Mtani haombwi radhi, atazoea vibaya." Akatafuna. "Nani anapika siku ya treni?"

"Mimi. Bwana Mwiko kasema nipike na nihudumie, mpaka apate mwingine."

"Usiniunguzie vyungu." Akatafuna tena, kwa muda mrefu kidogo. "Na ujue, mafuta ndiyo blanketi la supu. Ukimvua blanketi, mlimani kwenu kuna upepo mzuri."

Mpaka leo sijui kama alinipa mapishi au shauri. Nilirudi nikitembea haraka.

Siku ya treni Bwana Mwiko alikwenda stesheni kama kawaida yake, kusimama na suti nyeupe na kuwaongoza wageni kama kondoo. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikaengua mafuta yote kwa kijiko, mpaka supu ikabaki uchi. Nikaipakua mapema, sahani ishirini na nne, nikazipanga kwenye dirisha la nyuma linalotazama mlima Lupanga. Upepo ukashuka mlimani kama ulioitwa kwa jina. Nikazipepea na kofia ya lesi. Ndiyo faida pekee niliyoipata kwa kofia ile. Nikaonja. Vuguvugu ya kumwogesha mtoto.

Kwenye meza ya dirishani alikaa Bwana Shauri. Siku za treni alikula pale kila mara, akingojea magazeti ya kwao. Nikampelekea wa kwanza.

Sahani nne, macho ninakokwenda. Nikagawa. Wakachongoa midomo, wale waliowahi kupita njia ile, wakapuliza mara moja kwa mazoea. Kisha mmoja akatia kijiko. Akatia tena. Na chumba kizima kikaanza kunywa supu.

Hamjawahi kusikia kimya cha namna ile. Vijiko tu, kli, kli, kli. Hakuna fuu hata moja. Sahani zikaisha mara moja, nikaleta Shangazi. Wakamshukia. Yule mguu uliozeeka kwa safari, jamani, siku hiyo ulifika. Wakaula mpaka mfupa ukang'aa, na filimbi bado, mtu mmoja mnene akiuliza kama kuna zaidi.

Bwana Mwiko alikuwa barazani akiongea na mlinzi wa treni. Aliyemwita ndani si mtu, ni ule ukimya. Nilimwona anasita, anageuza kichwa, anasikiliza, kama mama anavyoshtuka mtoto akinyamaza. Shingo ikamvimba. Kisha akaja mbio, mwiko juu, mlango ukagonga ukuta.

"Nani napoza supu? Nani?! Nani kapoza supu yangu?!"

Wageni wote wakainua vichwa. Akaona sahani nyeupe. Akaona mfupa. "Na nyama! Nyama yote nakula? Treni ya Jumamosi nakula nini?"

Aliposikia alichokisema mwenyewe, mwiko ukashuka polepole. Bwana Shauri alikuwa ameweka kijiko chini. Akauliza kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, sijui kwa nini si kwa lugha yao, labda alitaka mimi nisikie: "Kwa nini supu isipoe?"

Bwana Mwiko akauficha mwiko nyuma ya mgongo.

Mimi nilisimama chini ya ile picha na sahani nne mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu nivalishwe aproni nilicheka bila kuambiwa.

Msidhani haki ilishuka kutoka mbinguni. Feruzi aliachiliwa kesho yake asubuhi bila neno, kama mtu anavyofungulia mbuzi. Hakuna aliyemwambia pole. Bwana Mwiko hakuguswa hata ukucha, na alasiri ileile walionekana barazani yeye na Bwana Shauri, bia mbele yao, wanapigapigana mabegani kirafiki. Kiboko kilikuwa na macho, kilijua migongo. Mimi na Feruzi tulifukuzwa kazi pamoja, na Bwana Mwiko akanivua kofia kwa mikono yake mwenyewe, akaitundika kwenye msumari wa ile picha.

Tulikaa chini ya mifenesi na vifurushi vyetu.

"Sasa, mtani?" nikauliza.

"Sasa una kivuli bado, au nacho kimefukuzwa?"

Tukapata shuka la marekani, tukawa kampuni ya watu wawili. Mkuyuni, Matombo, vijiji vya mlimani ambako jua linazama mapema na kisa inabidi kikimbie. Kisa chetu kikubwa kilikuwa ni kile, na safari hii Bwana Mwiko aliingia kwenye nguo kama Bwana Mwiko, na mwiko wake. Nilimfanya mimi. Feruzi alifanya wageni wote ishirini na nne, na wakati mwingine alifanya mbuzi. Kule mlimani hakuna aliyewahi kuona hoteli, lakini tulipofika kwenye "Nani kapoza supu?" vikongwe walianguka mabegani mwa wajukuu. Kila mtu anamjua mtu anayeshibishwa na njaa ya wenzake.

Kwa hiyo mkija tena kunionyesha vichekesho, nitawauliza swali moja: mnamcheka nani? Mkimcheka yule mnayeruhusiwa kumcheka, kwa kuwa anayestahili anawatisha, rudini mkaoshe vyombo. Mimi nilifanya hivyo, na aliyekaa mahabusu kwa ajili yangu hakuwa mimi.

Kisha vita vya wazungu vikafika huku. Wakatafuta wapagazi, na walipoiona shingo ya Feruzi hawakuuliza umri. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa mji. Sanduku lilikuwa tayari kichwani.

"Haya, mzigo," nikamwambia, maana nisingesema hivyo angejua ninalia. "Kazi ya kwenu hiyo."

"Na wewe rudi mlimani, mguu mfupi. Ukidondoka nisisikie."

Baada ya mvua mbili alirudi mpagazi mwingine, amekonda kama fimbo, akaniambia Feruzi alibaki njia ya Rufiji. Homa. Hapakuwa na mazishi, msafara haukusimama. Hapakuwa na mtani wa kulizuia jeneza, wala wa kujilaza kaburini aseme hatoki mpaka apewe kuku, wala wa kumwita mvivu aliyekufa ili asilipe madeni ya matusi. Hiyo kazi ilikuwa yangu, na sikuwapo.

Alasiri ile nikalifua lile shuka letu la vivuli. Nikalitundika nyuma ya nyumba lingali na maji, nikangoja jua lishuke mpaka mahali pake. Upande wa pili hapakuwa na mtu, kuku tu. Nikachukua gunia la mahindi, nikajitwika, nikaivuta shingo ndani mpaka ikawa fupi, nikaingia kwenye nguo na ule mwendo wake. Nikamtukana njia nzima, kwa sauti, kila tusi nililolijua na mengine mapya. Nilipofika katikati ya shuka nikasimama, nikalitua gunia chini taratibu, nikamnyoosha mtani wangu shingo.